Jirani Aliyeandika Gazetini

Mmakolwane,
Jumapili, 14 Machi.

Mwanangu mpendwa Tebatso,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na hicho chumba ulichopanga hakivuji tena. Hapa nyumbani mimi ni mzima wa mwili. Bibi yako goti bado linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa, anakusalimu na kusema ukonde kidogo kwa sababu picha uliyoleta inaonyesha mashavu tu. Mtama wa shamba la chini umeungua na jua. Yule mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha. Hayo ndiyo mema, nimeyatanguliza makusudi, maana yanayofuata yatakutaka ukae chini.

Mwanangu, nimeshtuka. Tangu Jumatatu niko kama mtu aliyedhani amekanyaga kamba, kumbe nyoka. Nikipika nasahau chumvi, nikitwanga nasikia mchi unapiga kifuani mwangu. Leo nimeanza kuandika kabla ya ibada na karatasi tatu nimezichana. Unajua mwandiko wangu, mimi ni mtu wa darasa la tatu, mengine nimeyapata kwenye yale masomo ya akina mama pale kanisani. Vumilia. Kuna jambo nataka kukuuliza na kuna jambo nataka kukuambia. Acha nikupe yalivyokwenda, moja moja, nisije nikachanganya.

Jumatatu mjumbe wa Kgosi alipita nyumba hadi nyumba akisema kuna baraza, watu wote kgotla, wanaume kwa wanawake, hata wenye watoto wa mgongoni. Sisi tulidhani ni habari ya pampu ya kisima. Nilifunga kitambaa changu, nikachukua shali, nikaenda kukaa chini pamoja na wenzangu, miguu tumenyoosha, wanaume kwenye viti vyao kama kawaida. Mma-Kelebonye jirani yetu alikaa ubavuni mwangu. Kgosi Mothibedi, mkuu mzima wa kijiji, alikuja na gazeti kwapani. Kgosi na gazeti! Tukajua si pampu.

Alisema kuna mtu wa hapa hapa anayetuandika gazetini, na huyo mtu anajiita Jirani. Kijiji hakukitaja, lakini kayataja yale mawe mawili yaliyoegemeana na ile pampu inayokohoa, kwa hiyo hata mtu wa Kanye akisoma anajua ni sisi. Na anachosema huyo Jirani ni kwamba binti wa kidato cha pili amefukuzwa shule kwa mimba, na aliyempa mimba bado anakuja kgotla kila wiki kuamua kesi za watu.

Hakuna aliyegeuza kichwa, Tebatso, lakini macho yote yalikuja upande wetu. Mma-Kelebonye alijivuta shali hadi puani. Nilisikia pumzi yake.

Kgosi alisema yeye hakasirikii maneno. Alisema tangu babu yake, mtu akisimama kgotla akasema lolote, hata akimtukana Kgosi mwenyewe, anakwenda kulala kwake salama. Hilo ni kweli, nawe unalijua. Lakini alisema, hapa mtu anasema akiwa na uso. Anayejificha nyuma ya jina la kubuni anarusha jiwe juu ya ukuta, halafu anaingia kwa mlango kuja kuuliza nani kaumia. Wanaume wakaitikia kwamba ndivyo. Mimi pia, mwanangu, nilitikisa kichwa. Niliona kasema vizuri. Nilimwambia Mma-Kelebonye sikioni kwamba huyo mwandishi hana haya.

Kisha akamwambia karani wake, Oteng, asome gazeti lote mpaka mwisho, ili watu wasikie uchafu wenyewe. Oteng unamjua, anasoma kama mtu wa redio. Alisoma, na mwanzoni nilisikiliza kama wengine. Akafika mahali paliposema binti amerudi nyumbani na sare yake bado ina mstari wa pasi mgongoni. Nikajisemea, haya maneno nimeyasikia wapi? Akaendelea. Akafika paliposema, "Nimeacha maziwa yafurike jikoni nikiandika haya, ndio uone nilivyochukia."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alicheka chini kwa chini, akasema, "Kumbe Jirani ana maziwa! Basi mtafuteni kwenye ng'ombe." Mwenzake akamjibu, "Na ni mwanamume gani huyo anayechemsha mwenyewe?" Wakafinyana. Mimi sikuweza kucheka. Yalikuwa maziwa yangu, Tebatso. Ilikuwa sufuria yangu ile ya bluu. Zilikuwa barua zangu kwako, ya Januari na ya Februari, zimeunganishwa.

Sasa hili ndilo swali langu. Ni wewe? Ni wewe Jirani?

Usinijibu, najua. Mengine hayo niliyaandika kwako peke yako na hayana njia nyingine ya kutoka. Nilijua unafanya kazi gazetini, lakini uliniambia unapanga matangazo ya mazishi na mnada wa ng'ombe.

Tena ngoja nikueleze ajabu iliyofuata, maana hata katika hofu ile nilikaribia kucheka. Mwisho wa yale maandishi uliweka Pula, ile dua yetu ya mvua, kama mtu anayemaliza hotuba. Oteng, kwa mazoea, alipofika hapo akapaza sauti na kuinua mkono: "Pula!" Na watu wote, kwa mazoea vilevile, kijiji kizima, wazee, akina mama, mpaka na mjumbe, tukajibu kwa nguvu, "Pula!" Ng'ombe waliokuwa zizini walishtuka. Kgosi alibaki mdomo wazi. Maandishi aliyotaka tuyakemee tumeyapitisha kwa sauti moja. Mzee Gaolathe, ambaye siku hizi haogopi mtu, akasema, "Basi limekwisha hilo, twendeni nyumbani." Wanawake wakaangua kicheko mpaka wengine wakalala chini. Oteng maskini alikuwa anatazama gazeti kama limemng'ata.

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu, nadhani. Kgosi alipandwa na hasira ya aibu, na hiyo ni mbaya kuliko hasira ya kawaida. Alitaka mtu hapo hapo. Na mtu alikuwepo, Mwalimu Nkomazana. Yeye ndiye anayenunua gazeti kila wiki, yeye ndiye anayepeleka bahasha posta kila Ijumaa, yeye ndiye aliyemwomba mkuu wa shule amwache binti amalize mitihani. Tena ni Mkalanga, miaka kumi na moja hapa na bado watu wanamwita mgeni. Wakamrukia. Mmoja akamwambia aende akaandike ya kwao. Mjomba wako Moatlhodi, ambaye huwa hakosi la kusema, akasimama akauliza polepole, kama anayefikiri, imekuwaje mwalimu akaijua mimba ya mtoto wa watu mapema hivyo? Labda anaijua kwa sababu ni yake, akasema, na gazeti ni la kutupoteza njia.

Moshi wa maneno hayo uliingia vichwani mwa watu, nikauona unaingia.

Mwalimu alisimama, kofia mkononi. Aliyekufundisha wewe kuandika insha, yuleyule, na suruali yake ileile ya kahawia. Alisema yeye akiandika huweka jina lake, ndiyo maana haandiki sana. Watu wakacheka kidogo. Halafu akasema mimba si yake na maandishi si yake, lakini aliyeandika hamlaumu. Akamwambia Kgosi kwamba kgotla ni pa kila mtu, sawa, ila yule binti angekuja kusema hapa, angesemea mbele ya nani? Si mbele ya huyo huyo? Hapo walimzomea, sikusikia tena. Kgosi akatoa neno kwamba mpaka Alhamisi, kama Jirani hajajitokeza, itaandikwa barua kwa wakubwa wa elimu kwamba kijiji hakimtaki Mwalimu Nkomazana, na sababu itatajwa, hiyo ya binti. Ungejua mwalimu akiandikiwa sababu kama hiyo anapata kazi wapi tena.

Na mimi sikusimama. Nilikunja shali langu nikarudi nyumbani na wenzangu, na njiani waliposema ni mwalimu, nilisema mh.

Jioni nilikwenda dukani wakaniazima lile gazeti. Nilisoma kwa kidole mpaka mwanga ukaisha. Uliyanyoosha maneno yangu, Tebatso, kama mtu anayenyoosha nguo. Nakuambia ukweli, mahali pengine nilijiona mzuri. Nikasema, kumbe Gaboipolelwe anaweza kusema hivi! Halafu nikaona haya. Halafu nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo, kwa hiyo ipokee. Wewe ulijificha nyuma ya Jirani. Mimi ukanificha nyuma ya Jirani. Kelebonye ulimficha nyuma ya nini? Mstari wa pasi ni wa sare yake. Aliniambia siku ile tunakandika sakafu ya ua, mikono yetu sote wawili ndani ya samadi, hakuna mtu mwingine, na nilimwahidi. Kukuandikia wewe sikuona ni kuvunja ahadi, maana wewe ni mimi. Kumbe wewe si mimi. Wewe ni gazeti.

Sikulala. Jumanne nilikwenda kwa huyo mtu mwenyewe, aliyempa binti mimba. Jina lake katika barua zangu sikukuandikia, nilisema tu mtu mzima wa kgotla, na utaona kwa nini. Nilimwambia ajitokeze, mwalimu asiharibikiwe bure. Alinikaribisha kiti, akacheka. Akaniuliza Jirani ninayemhangaikia ananilipa nini. Sikumwambia ni nani. Akasema mwalimu atapata kijiji kingine, walimu hawaishiwi vijiji. Akasema na binti akijifungua atamtumia ng'ombe mama yake, kimya kimya, na mambo yatapoa. Nikamwuliza, na shule? Akasema, "Shule ya msichana ni ya kungojea mume tu." Nilimtazama nikaona anaamini.

Jumatano nilikwenda kwa Mma-Kelebonye na bakuli la maziwa ya mgando. Nilipiga magoti, Tebatso, mimi mtu mzima, mbele ya mtoto wa miaka kumi na sita. Nikawaambia kwamba maneno ya gazetini yametoka kwangu. Mama yake akachukua bakuli, akalitia ndani, akarudi bila bakuli. Nikajua angalau hajanifukuza. Nikamwambia Kelebonye kwamba nataka kusimama kesho, lakini kama hataki nitakaa. Mwalimu nitamtetea kwa njia nyingine, ingawa njia yenyewe siijui. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mma, mimi wote wananijua. Asiyejulikana ni yeye tu."

Basi Alhamisi nilisimama.

Kgosi aliniambia nikae, wanaume hawajamaliza. Sikukaa. Si ushujaa, mwanangu, magoti yalikuwa yamekataa kukunjika. Nilisema Jirani ni mimi. Kwanza hawakusikia, nikarudia. Walicheka vibaya! Mmoja akasema, "Mma-Tebatso anaandika gazetini! Kesho kuku wake atahubiri." Mwingine akauliza nimesoma chuo gani, cha darasa la tatu? Kgosi mwenyewe alitabasamu, akasema najua unamhurumia mwalimu, mama, lakini usitupotezee siku. Nikasema, muulizeni Mma-Kelebonye sufuria yangu ya bluu ilivyo. Naye, ambaye miezi miwili hajafungua mdomo mbele za watu, akasema kutoka pale chini, "Imeungua maziwa. Tumeisugua kwa mchanga mimi na yeye, na bado ni nyeusi." Wale wanawake wa nyuma walioulizana habari ya maziwa wakatazamana. Kisha mmoja akasema, "Yoo." Tu hivyo. Yoo.

Kgosi aliacha kutabasamu. Aliniuliza, bila kelele safari hii, kwa nini nilikwenda gazetini wakati kgotla ipo. Nilimwambia sikwenda gazetini, nilimwandikia mwanangu, na mtu anaruhusiwa kumwambia mwanawe kinachomkaba. Yeye akakipeleka mbele, hilo nitamalizana naye mwenyewe. Lakini hapa, nikasema, nisingekuja. Mtu huyo ana kiti hapa. Mimi niko chini. Ningeshtaki, shauri langu lingeanzia mikononi mwake. Kgosi, wewe umesema hapa kila mtu anasema akiwa na uso, na mimi nilikubali nikatikisa kichwa. Lakini kuna watu hapa uso wao ni wa kutazamwa tu, si wa kusemea.

Sijui nilipata wapi hayo. Nadhani ni kusoma gazeti.

Akasema, "Haya. Leo una uso na una jina. Mtaje."

Mwanangu, hapa ndipo karatasi tatu zilipochanika. Nimelizungusha jambo hili barua nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtu huyo ni mjomba wako. Ni Moatlhodi, ndugu yangu, tumbo moja, titi moja. Ndiye niliyekwenda kwake Jumanne, ndiye aliyenicheka. Nilijua tangu Januari. Ndiyo maana nilikuandikia "mtu mzima wa kgotla", kwa sababu mkono ulikataa. Na aliposimama Jumatatu akamtupia mwalimu mimba yake mwenyewe, akiwa na sauti ile ile aliyotumia kumzika baba yako, nilimsikia, nikanyamaza, nikarudi nyumbani nikisema mh.

Nilimtaja. Nilisema Moatlhodi wa Modisaotsile, ndugu yangu. Pampu ilisikika mpaka pale. Yeye hakukana. Alichukua kofia yake akaivaa, akiwa bado ndani ya kgotla, mbele ya Kgosi, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya maisha yangu yote. Akanipita karibu sana, shali langu likagusa koti lake, akatoka.

Kgosi akamwambia Oteng aandike. Shauri litasikilizwa baada ya mavuno, na Moatlhodi hatakuwa na kiti. Barua ya kumfukuza mwalimu haitakwenda. Wengine wamemwomba radhi Mwalimu Nkomazana, wengine wanapita mbali kama yeye ndiye aliyewaaibisha. Shule bado haijamrudisha Kelebonye. Nilidhani nikisema, kesho yake angevaa sare. Haikuwa hivyo.

Na sasa nikuombe msamaha, maana hasira yangu kwako nimeshaimwaga, na mimi nami ninayo ya kujibu. Ijumaa mjomba wako alimtuma mkewe aniambie hana dada. Akasema na mwanao atafute mjomba mwingine. Mwezi wa saba ndiyo tulikuwa twende Molepolole kukuposea Sethunya. Nani atatangulia? Watu wa Molepolole watauliza yuko wapi mjomba wa kijana, na sisi tutawajibu nini? Nimekuacha bila mjomba, mwanangu, katika mwaka unaomhitaji. Na tangu mkono wa baba yako ulipopooza, ada zako zote ni yeye. Madaftari uliyojifunzia kuandika alinunua yeye. Hilo nalo nalijua, usidhani nimelisahau. Nilisimama nikilijua.

Kuhusu hilo jina la Jirani, nilitaka kukukataza. Niliamka leo nikiwa na maneno ya kukukataza. Lakini nimefikiri nimeona bila jina hilo nisingesema hata kidogo, ningeendelea kuchemsha maziwa. Basi litumie, wapo wengi walio chini kama mimi. Ila mwenye maneno aulizwe kwanza. Chukua basi la Ijumaa uje. Usije kwangu moja kwa moja. Nenda kwa Kelebonye, kaa chini pale uani kwao, si kwenye kiti, umwombe radhi, na akikwambia usiandike tena habari yake, usiandike. Akikuruhusu, na najua mkono unakuwasha hata sasa, barua hii ichape yote, mpaka hapo nilipokusema wewe. Hapo usiandike Jirani. Wala usiandike Mma-Tebatso, hilo ni jina la kukuita wewe kupitia kwangu. Andika langu kama lilivyo hapo chini.

Jana jioni mbwa wa mjomba wako alikuja kulala mlangoni kwangu, kama anavyofanya siku zote. Nilimtazama nikamwacha alale. Yeye hakuwepo kgotla.

Bibi anasema nikuulize kama kanzu yake ya kanisani umeinunua. Msalimie Sethunya, mwambie mimi nimekosa lakini nampenda. Kula vizuri, funika kifua. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi mama yako mzazi,
Gaboipolelwe Modisaotsile.